Maski Mbili Zenye Hewa

2 mwezi wa nane

Leo tumemzika Kalaba. Padri alisema maneno mengi, na mimi nilikuwa naangalia viatu vya wachimba kaburi. Vumbi jekundu lilikuwa limevipaka mpaka kwenye kamba. Mama yake Kalaba alinishika mkono akauliza kama mwanawe aliteseka. Nikamwambia hapana. Ukweli ni kwamba sijui. Tulimkuta kifudifudi ndani ya ghala la magodoro lililoungua, karibu kabisa na mlango, na kitambaa alichokuwa amekilowesha kimemkaukia mdomoni.

Nyumbani nilikula ugali wetu wa bukari na mboga ya sombe. Mama aliuliza kama chumvi inatosha. Nikasema inatosha. Sikuwa nimesikia ladha yoyote.

3 mwezi wa nane

Nimelala kutwa.

5 mwezi wa nane

Zamu ya kwanza bila yeye. Koti lake lilikuwa bado kwenye msumari. Makoti mazito ya kuzimia moto ni machache kuliko watu, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema hili ni langu. Hénoc alilichukua akalivaa. Ni kijana mwenye mwili, linambana mabegani. Mimi ndiye mkuu wa zamu, na nilimwacha alivae.

9 mwezi wa nane

Mkutano. Komanda Adalbert alituketisha sote gereji, mbele ya gari. Ni mtu mzima, ana sauti nzuri, na akisema jambo unataka kumwamini. Miaka yote nimemheshimu kama baba mdogo.

"Najua bote muko na kilio," alisema. "Lakini kazi haingojake kilio iishe. Musemeni. Leo nimekuja kusikiliza."

Jean-Claude, dereva wetu, ndiye aliyeanza. Yeye huongea polepole, kama anavyoendesha.

"Komanda, ku zamu tuko bane. Miye niko ku volant na ku pompe. Mumoja anashika mupira wa maji. Banabaki babili. Hao babili wakiingia ndani, wakianguka, nani atabafata?"

Komanda alisema ameshaomba watu. Akasema na watu wapya wanaokuja hawajafunzwa. Hénoc mwenyewe alifunzwa kukimbia na kupiga saluti. Moshi aliuona mara ya kwanza siku ya kazi.

Kisha nikasimama mimi. Sikuwa nimepanga. Nilisikia sauti yangu kama ya mtu anayesoma tangazo.

"Siku ya Kalaba, maski zilikuwa mbili. Moja tu njo ilikuwa na hewa, Hénoc aliivaa. Kalaba aliingia na kitambala ya maji. Naomba tuweke sheria. Hakuna muntu ataingia mu moshi peke yake. Babili, na maski mbili zenye hewa. Kama haiko vile, tunabaki inje, tunapiga maji."

Hénoc akacheka kidogo, cheko lisilo na furaha.

"Na kama kuko muntu ndani, Yaya Victorine?" Huniita yaya, yaani dada mkubwa.

"Ata kama."

"Basi shiye hatuko bapompier ba kuzima moto. Tuko bantu ba kumwangia maua maji."

"Kalaba pia alikuwa muntu ndani," nikasema.

Komanda alitazama sakafu, halafu akainua mkono. "Nakubali. Hii ni sheria ya kituo kuanzia leo. Anayekubali ainue mukono." Mikono ikainuka. Wa Hénoc uliinuka mwisho, na haukupita sikio.

16 mwezi wa nane

Majani yamewaka nyuma ya nyumba za barabara ya Kasumbalesa. Tumepiga matawi mpaka tumezima. Upepo.

21 mwezi wa nane

Nimeanza kuwafundisha mwenyewe. Tumefunga madirisha ya stoo, tumepindua meza na viti, nikawafunga macho kwa vitambaa. Wanaingia wawili wawili kwa magoti, mmoja ameshika mguu wa mwenzake, wanatafuta gunia la makaa nililolificha. Hilo gunia ndilo mtu wa kuokolewa.

Hénoc alitoka na gunia kabla ya wote. Alikuwa anatabasamu, uso mweusi kwa vumbi la makaa. Mwenzake alikuwa bado ndani, anapapasa ukuta, anamwita.

"Umetosha mufuko inje," nikamwambia. "Umeacha muntu."

Nilimrudisha ndani. Aliingia akitukana kwa Kibemba, akidhani sielewi.

29 mwezi wa nane

Vumbi. Kikohozi.

4 mwezi wa tisa

Karakana ya seremala imewaka mtaani Kamalondo. Tulifika na tukakuta umati. Tulikuwa na maski mbili zenye hewa, na mimi nilikuwa bado najifunga ya pili. Hénoc hakungoja. Alizama ndani peke yake akatoka amekumbatia chupa ya gesi iliyokuwa inachemka karibu na moto, akaitupa mtaroni. Watu walipiga makofi. Mama mmoja alimvua kofia akambusu kichwani.

Ni kweli, ile chupa ingelipuka, ingetuua sote tuliokuwa pale mlangoni.

Njiani nikamwambia nitamripoti. Akasema, "Ripoti, yaya. Weye unapenda sana kuzika." Jean-Claude alipiga breki katikati ya barabara, akamwambia aombe msamaha au ashuke. Hénoc akashuka. Alitembea mpaka kituoni na buti zake.

Nilijua maneno yale yanapaswa kuniuma. Niliyangoja yaume. Hayakuuma.

5 mwezi wa tisa

Sikumripoti.

18 mwezi wa tisa

Jacaranda za katikati ya mji zimeanza kutoa maua. Mama anasema siku hizi nikisali Salamu Maria nasali kama naita majina ya wanafunzi darasani. Nikamwambia nimechoka. Akasema uchovu wa miezi miwili una jina lingine. Sikumuuliza jina gani.

2 mwezi wa kumi

Joto. Kisima cha kituo kimeshuka. Maski moja haina hewa tena. Hatuna mashine ya kujaza chupa za hewa, kwa hiyo huwa tunazipeleka kwa kampuni moja ya madini inayotusaidia. Nimeipeleka.

6 mwezi wa kumi

Chupa haijarudi. Nilimwambia Komanda kwamba tuko na maski moja tu. Alikuwa anazungumza kwenye simu, akanionyesha kwa mkono kwamba amesikia. Baadaye akasema Jumatatu. Nikamwomba pia disque mpya, zile sahani za mashine ya kukatia chuma, kwa kuwa zilizopo zimelika. Akasema na hizo Jumatatu.

7 mwezi wa kumi

Nitaandika yote kwa utaratibu.

Asubuhi waliita kutoka Makomeno. Nyumba ya zamani, ya matofali, bati juu na plafond, dari ya mbao, chini yake. Moto ulikuwa umeanzia kwenye waya juu ya sebule. Tulipofika sebule ilikuwa imeshakwisha na moshi ulikuwa unatoka chini ya bati pande zote, mzito, wa manjano. Majirani walitukimbilia. Mama Chola alikuwa ndani, chumba cha nyuma. Ni mama mzee mwenye miguu iliyovimba, hawezi kutembea bila kushikwa. Alikuwa anaishi na mwanawe, Fils, ambaye ni soudeur, mchomea vyuma, na Fils alikuwa kazini.

Jean-Claude akaweka pompe. Mtu wetu wa nne akashika mpira wa maji. Hénoc akavaa maski ile moja, akafunga koti, akaenda mlangoni.

Nilimfuata nikamshika kwa mkanda wa chupa mgongoni.

"Hapana."

"Niko na hewa!"

"Uko peke yako."

"Yaya, mama iko ndani! Unasikia?"

Nilikuwa nasikia. Alikuwa anaita, si kwa nguvu. Alikuwa anaita jina la mwanawe, kama mtu anayeomba aletewe maji.

"Ukianguka, nani atakufata?" nikamwambia. "Jean-Claude na kitambala?"

Alinitazama kupitia kioo cha maski. Ana nguvu kuliko mimi mara mbili. Angejivuta tu ningebaki na mkanda mkononi. Hakujivuta. Sijui kwa nini. Nilisema, "Dirisha. Tupite ku dirisha," tukakimbia kuzunguka nyumba.

Dirisha la chumba chake lilikuwa na antivol, nondo nene kweli za kuzuia wezi, zimeingizwa ukutani. Kioo kilikuwa kimepasuka na moshi ulikuwa unatoka. Hénoc alichukua mashine ya kukata, akaanza. Disque ilikuwa inapiga kelele nyingi na kukata kidogo. Nondo ya kwanza ikakatika. Ya pili ikakatika upande mmoja. Disque ikavunjika. Akaweka nyingine, nayo ilikuwa imelika vilevile.

Hapo Fils akafika kwa pikipiki. Aliiacha ianguke, akatukimbilia, akaona tulipo, akapiga kelele:

"Si pale! Ku chini! Kata ku chini, mu kona, pale nilichoma pointi mbili tu!"

Hénoc akashusha mashine. Cheche zilimrukia Fils mikononi na hakuzikung'uta. Alikuwa ameshika nondo kwa mikono miwili, anavuta, anaita mama, mama. Ndani hakuna aliyeitika. Nilikuwa nahesabu wakati kwa sauti ya Mama Chola, na nilijua ilinyamaza tangu disque ya kwanza.

Kisha kukawa na mshindo na nyumba ikapumua moto kupitia mlango wa mbele. Plafond ya korido ilikuwa imeanguka yote. Baadaye kidogo na bati la chumba likashuka. Tulimvuta Fils kwa nguvu. Alimpiga Jean-Claude usoni.

Korido ile ndiyo njia ambayo Hénoc angepita. Labda angekuwa ameshatoka na mama. Labda angekuwa chini ya zile mbao. Nimepima kwa kichwa, kutoka mlangoni mpaka kitandani na kurudi, akibeba mtu mzito, na kila nikipima napata jibu tofauti.

Wakati tunakunja mipira, jiwe la kwanza lilipiga mlango wa gari. Mtu mmoja alikuwa ameona nilivyomshika Hénoc. "Ule mwanamuke njo alimukataza!" Basi mawe yakaja mengi. Kioo cha upande kikavunjika. Jean-Claude aliendesha akiwa ameinama.

Hénoc alivua kofia akaiweka miguuni. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

8 mwezi wa kumi

Nimeosha sare. Misa sikwenda.

9 mwezi wa kumi

Jumatatu. Chupa imerudi imejaa. Na disque mpya.

16 mwezi wa kumi

Tuliitwa mbele ya tume. Watu watatu nyuma ya meza ndefu, feni inazunguka. Fils alikuwa ameketi karibu na dirisha, amevaa shati jeusi ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya dukani.

Waliuliza kwa nini kijana mwenye maski na hewa alizuiwa kuingia. Nikajibu kwamba ni sheria ya kituo, nikaieleza. Mzee wa katikati akamgeukia Komanda Adalbert.

"Kuko na sheria ya namna hii kwenu?"

Komanda alikohoa. Kwa sauti yake ile nzuri akasema, "Mukubwa, sheria, hapana. Lilikuwa wazo la chef wa zamu. Kila chef anakuwa na namna yake ya kufanya kazi."

Nilimtazama. Alikuwa anaangalia feni. Nilimwona kwa mara ya kwanza kama mzee mwenye woga, ambaye amebakiza miaka michache kazini na anataka aimalize kimya. Sikumchukia. Niliona tu kwamba hakuna kitu tena pale nilipokuwa nimeweka heshima.

Wakamwita Hénoc. Nilijua amekuja kunimaliza, na nikawa nimekubali.

"Nilitaka kuingia," alisema. "Yaya alinikamata. Niko na hasira naye mpaka leo, na siko najua kama itaisha. Lakini Komanda anadanganya. Aliinua mukono wa kwanza. Shiye bote tuliinua. Miye pia."

Mzee wa tume akauliza, "Kwa hiyo unasema alifanya vizuri?"

"Sisemi vizuri. Nasema ilikuwa sheria. Na nasema kama kungekuwa na maski mbili, angeingia na miye. Ule hataki muntu aende mbele yake."

Siku yote Fils alikuwa anaangalia mikono yake.

18 mwezi wa kumi

Wamenisimamisha kazi mpaka watoe uamuzi. Komanda aliniletea habari mwenyewe nyumbani. Mama alimpa kiti na maji, akamwuliza hali ya wajukuu. Alipoondoka, mama akamwaga maji yaliyobaki kwenye glasi nje, uani, akaiosha mara mbili.

25 mwezi wa kumi

Hakuna kitu.

27 mwezi wa kumi

Hakuna kitu. Mawingu yanakuja mchana, yanaondoka.

31 mwezi wa kumi

Mvua ya kwanza. Ilipiga bati kiasi kwamba mama na mimi tulikuwa tunazungumza kwa kupiga kelele. Alikuwa ananieleza kwamba zamani, baba alipokuwa bado anafanya kazi ya reli kule Kabalo, gari-moshi lilimgonga mtu, na dereva wake hakufunga breki ghafla kwa sababu mabehewa ya nyuma yalikuwa yamejaa watu. Sikujua habari hiyo.

"Ule dereva alifanya nini nyuma ya ile siku?" nikauliza.

"Aliendelea kuendesha."

"Alikuwa muzima?"

Mama alifikiri. "Alikuwa anaendesha," akasema.

11 mwezi wa kumi na moja

Wamenirudisha. Hawakusema nina kosa, hawakusema sina. Jean-Claude anasema ni kwa sababu hakuna mtu mwingine wa kuongoza zamu. Barua yao ni mistari minne. Sheria ya maski mbili haikutajwa.

Njiani kwenda kituoni akina mama wameanza kuuza uyoga kando ya barabara.

12 mwezi wa kumi na moja

Niliwakusanya nikawaambia sheria yangu bado ni ile ile, na asiyeitaka aombe zamu nyingine. Komanda alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi yake. Alisikia. Alirudi ndani.

Hénoc hakuomba zamu nyingine. Hanisalimu pia.

19 mwezi wa kumi na moja

Mvua tangu asubuhi. Hakuna wito. Hénoc alikuwa gereji anapanguza mipira, mimi nilikuwa kwenye benchi nakagua mikanda ya maski. Mtu akaingia akiwa ameloa mpaka mifupa. Nilimtambua kwa shati.

Nilisimama. Nilifikiri amekuja kunipiga, na nikaona kwamba sitajikinga.

"Yaya," alisema Fils. "Naweza kuikala?"

Akaketi. Mikono yake ilikuwa na makovu mapya juu ya makovu ya zamani ya kazi yake. Maji yalikuwa yakimchuruzika shingoni.

"Niko na ulizo moja. Siko mu tume. Unijibu tu."

"Uliza."

"Ile antivol, niliichoma miye. Bezi waliingia mara mbili, mama akawa hapati usingizi. Nikatafuta nondo kubwa kuliko zote. Nikamwambia, mama, hapa ata shetani hatapita." Akafuta maji usoni. "Kama ningeiweka ya kawaida, mungemutosha inje?"

Antivol ya kawaida Hénoc angeing'oa kwa nyundo. Nimeziona nyingi. Mama Chola angetoka dirishani akiwa bado anaita. Hili nalijua kuliko ninavyojua lolote kuhusu siku ile. Ni hesabu pekee ambayo kila nikiipima inatoa jibu lile lile.

Fils alikuwa ananitazama kama watu wanavyotutazama tukitoka ndani ya nyumba mikono mitupu.

"Disque yetu ilikuwa imelika," nikasema. "Mupya ingekata antivol yako kama mukate."

"Kweli?"

"Na mulango ulikuwa wazi, Fils. Hénoc alikuwa na maski, na hewa. Alitaka kuingia. Miye njo nilisema hapana."

"Weye."

"Miye."

Alisimama. Nikaona hasira inampanda usoni, na mabega yake, ambayo yalikuwa yameinama tangu aingie, yakanyooka.

"Sitakusamehe," alisema.

"Najua."

"Ata siku moja."

"Najua, ndugu yangu."

Akatoka. Alitembea katikati ya mvua bila kukimbia, mpaka akakata kona.

Nyuma yangu Hénoc alikuwa ameacha kupanguza. Alikuwa amesikia yote.

"Yaya. Nondo zile njo zilituzuia. Weye unajua."

"Najua."

"Sasa juu ya nini hukumwambia?"

Nilichukua maski niliyokuwa nimeiweka chini. Nilitaka kuendelea na mikanda lakini vidole vilikuwa havishiki, na nikavitazama kama vya mtu mwingine mpaka nikaelewa ni vyangu.

"Ule anaikala peke yake, hana muntu wa kubeba naye ile muzigo," nikasema. "Miye niko na ninyi bote."

Mpira wa maji ulikuwa umelala sakafuni urefu wote wa gereji, bado una tope. Hénoc akaokota ncha moja, akanisubiri. Niliweka maski kwenye benchi, nikaenda kushika ncha ya pili.